Epicurus Hakuwa Mla Bata

Hotuba kwa mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha akiba na mikopo cha walimu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wazee wetu wastaafu mliokaa mstari wa mbele, walimu wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Nimepewa muda kidogo kabla hatujaingia kwenye ajenda ya mikopo. Katibu aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, tugusie hili suala la kuridhika, watu wameelemewa na marejesho." Nikamwuliza kama anataka mahubiri. Akacheka, akasema mahubiri tunayapata Ijumaa na Jumapili, yeye anataka kitu kingine. Basi nimemletea Mgiriki.

Anaitwa Epicurus, mwanafalsafa wa zamani za kale. Mnaosoma Biblia mmeshakutana na wafuasi wake, pengine bila kuwatilia maanani. Matendo ya Mitume, sura ya 17: Paulo yuko Athens anajadiliana na watu sokoni, na kati ya waliomkabili wanatajwa Waepikureo na Wastoiko. Hao wa kwanza ndio wake. Paulo alipofika pale, mwalimu wao alikuwa amefariki miaka 300 na ushei, na wafuasi bado wapo, wanabishana.

Mtu huyu ana jina baya. Alifundisha kwamba raha ndiyo lengo la maisha ya binadamu, tena alilisema bila kumung'unya maneno. Watu walisikia "raha", hawakusubiri sentensi ya pili. Hadi leo huko Ulaya jina lake hubandikwa mtu anayejua divai nzuri na mapochopocho. Kwa Kiswahili cha vijana wetu, mla bata. Na uzushi huo ulianza mwenyewe akiwa hai. Timocrates, mwanafunzi aliyeihama shule yake, alimtangaza kwamba anatapika mara mbili kwa siku kwa kuvimbiwa, na kwamba meza yake inagharimu mina moja kila siku.

Sisi ni chama cha fedha, tupige hesabu. Mina moja ilikuwa drakma 100. Fundi wa ujenzi Athens zama zile alilipwa drakma mbili hivi kwa siku. Epicurus aliinunua bustani aliyofundishia kwa mina 80. Mweka hazina, nisaidie: mtu anayekula mina moja kila siku atakuwa ameimaliza bustani nzima kwa siku 80, hata miezi mitatu haifiki. Yeye aliishi pale miaka 35 hivi, akafa akiwa nayo, akairithisha. Timocrates hakuwa mtu wa mahesabu.

Epicurus alizaliwa mwaka 341 kabla ya Kristo katika kisiwa cha Samos. Baba yake, Neocles, alikuwa mwalimu wa shule. Naona wastaafu wanatabasamu. Waliomchukia walimsimanga baadaye kwamba utotoni alikuwa akimsaidia baba yake kufundisha kwa ujira wa kijungu jiko, na kwamba alifuatana na mama yake nyumba kwa nyumba kusoma maneno ya uganga. Kama ni kweli, mimi sioni aibu yake iko wapi. Ni nyumba ya mwalimu inayotafuta cha ziada. Wangapi humu tunafuga kuku?

Alipokuwa na miaka 18 alikwenda Athens kutumikia jeshi kama ilivyokuwa kawaida. Ndio wakati Alexander Mkuu alipofariki, mwaka 323, na majemadari wake wakaanza kugombania alichokiacha. Muda si mrefu walowezi wa Kiathens wakafukuzwa Samos, wazazi wake wakiwemo. Familia ikahamia Colophon, upande wa Uturuki ya leo. Nalitaja hili kwa sababu kuna mtu atasema falsafa ya kuridhika ni ya walioshiba. Huyu aliuanza utu uzima wake nyumbani kwao kukiwa kumechukuliwa.

Alifundisha Mytilene, akafundisha Lampsacus, na mwaka 306 akahamia Athens moja kwa moja. Bustani yake ilikuwa nje ya ukuta wa mji, kando ya njia iendayo kwenye Akademia, shule iliyoachwa na mwanafalsafa Plato. Kilichowakera wengi si masomo ya mle ndani, ni watu walioingia. Wanawake walikuwemo. Watumwa walikuwemo: mmoja, Mys, alikuwa maarufu kwa kusoma kwake falsafa, na wosia wa Epicurus ukamwacha huru pamoja na wenzake watatu, mmoja wao mwanamke. Mwanamke mwingine wa bustani ile, Leontion, aliandika kitabu cha kumpinga Theophrastus, mkuu wa shule aliyoiacha Aristotle. Cicero, yule wakili wa Roma, alikasirika sana kwamba mwanamke wa namna ile amethubutu, lakini akalazimika kukiri kwamba Kigiriki chake ni kizuri. Hapo ndipo mnapojua hoja zilimuuma.

Sasa nije kwenye kiini, maana Mwenyekiti ameshaangalia saa.

Epicurus alizigawa haja za binadamu mafungu matatu. Za kwanza ni za asili na za lazima. Mwili ukilia, anasema, unalilia kutokuona njaa, kutokuona kiu na kutokuona baridi. Za pili ni za asili lakini si za lazima, kama vile kutaka chakula cha fahari pale ambapo chakula chochote kingeondoa njaa. Katika barua yake kwa kijana Menoeceus anataja samaki kama mfano wa meza ya fahari. Wenzetu wa Mwanza na wa Pwani msishangae. Athens samaki wazuri walikuwa bei mbaya, ndio waliokuwa wakiagizwa ili wageni waone. Za tatu si za asili wala za lazima, zinatokana na dhana tupu. Maelezo ya kale yaliyoambatana na mafundisho yake yanatoa mfano: kutaka kuvikwa mataji na kusimamishiwa sanamu.

Mfano huo wa sanamu haukutoka hewani. Kabla tu Epicurus hajahamia, Athens ilitawaliwa miaka kumi na mtu aitwaye Demetrius wa Phalerum. Inasimuliwa kwamba alisimamishiwa sanamu za shaba 360. Mwaka 307 akaangushwa na kukimbia mji, na sanamu zikang'olewa. Nyingine ziliuzwa, nyingine zikatoswa baharini, na nyingine, eti, zikayeyushwa kutengenezea vyungu vya kukojolea usiku chumbani. Ikabaki moja. Epicurus alifika mwaka mmoja baadaye. Sidhani kama alihitaji kuwaeleza sana wanafunzi wake maana ya fungu la tatu.

Kinachoyatofautisha mafungu haya kwake ni mpaka. Haja ya asili ina mahali inapokoma: njaa ikiisha imeisha. Haja ya dhana haina mahali pa kukomea, kwa sababu haikuanzia mwilini. Ana neno moja ambalo mimi nimelipenda kuliko yote. Anasema watu hulisingizia tumbo kwamba halishibi, kumbe tumbo linashiba vizuri tu. Kisichoshiba ni ile imani ya uongo tuliyo nayo juu ya tumbo.

Nimekaa kwenye kamati ya mikopo ya chama hiki vipindi viwili. Fomu yetu ina mstari unaouliza dhumuni la mkopo, na wanachama wengi huandika neno moja, "maendeleo". Ukiuliza taratibu, bila kumwaibisha mtu, maendeleo mengine ni bati za nyumba ambayo msingi wake umeota majani kwa mvua tatu. Hiyo ni baridi, ni mwili unalia, apewe. Maendeleo mengine ni ada ya mtoto. Epicurus hakuiweka ada kwenye orodha yake, mimi naiweka fungu la kwanza na nitabishana na yeyote. Lakini maendeleo mengine ni sofa. Na ukichimba zaidi, sofa imekuja kwa sababu mwalimu mwenzake wa shule ya jirani amenunua sofa, na wake zao wako kikundi kimoja. Maendeleo mengine ni harusi ambayo kamati yake imeamua ukumbi uwe ule ambao harusi iliyotangulia haikuuweza. Hapo tuko kwenye sanamu za Demetrius, ndugu zangu. Na mtu akinyimwa na chama anakwenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kuumiza, tunamwona mwaka unaofuata kadi yake ya benki imeshikwa na mtu mwingine.

Kwa hali kama hiyo Epicurus ana swali ambalo angelipenda kila mtu ajiulize kwa kila tamaa: nitapata nini nikikipata ninachokitaka, na nitakuwaje nisipokipata? Swali lina pande mbili, na mara nyingi tunajibu upande wa kwanza tu. Nikipata sofa, nitakaa juu yake. Nisipoipata? Nitakaa kwenye viti nilivyonavyo, na jirani atasema maneno. Basi mwenye kujibu hivyo ameona kwamba anachotaka kukikopea ni maneno ya jirani. Bado anaweza kukopa. Sheria za chama zinamruhusu. Ila ajue ananunua nini kwa riba hiyo.

Naomba nisieleweke kama ninahubiri ubahili. Wapo wanaosoma nusu ya mafundisho haya wakawa wanawanyima watoto sukari. Epicurus mwenyewe alionya kwamba hata kubana matumizi kuna kiasi chake, na asiyekijua anaumia sawasawa na anayetapanya. Fungu la pili hakulipiga marufuku. Samaki akija, mle, furahi. Tatizo linaanza pale unapokosa usingizi kwa kumkosa. Alichotaka ni kwamba mtu azoee kidogo ili kingi kikija kiwe kitamu na kisipokuja kisimvuruge. Na alijipima kwa vitendo. Alikuwa na siku maalumu za kula kidogo sana ili aone kama raha yake inapungua, na inapungua kiasi gani. Katika barua mojawapo alijisifu kwamba ameweza kujilisha kwa chini ya senti moja kwa siku, ilhali rafiki yake Metrodorus, ambaye bado hajafuzu, anahitaji senti nzima. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, ndiye aliyetuhifadhia habari hiyo, na mimi huwa naisoma nikicheka, maana ni watu wazima wawili wenye akili nyingi wanashindana nani anakula rahisi zaidi.

Seneca anaeleza pia mapokezi ya bustani. Mgeni aliyekuja akiwa amesikia kwamba hapa raha ndiyo jambo kuu alikaribishwa kwa ukarimu, akapewa uji wa shayiri na maji tele. Halafu akaulizwa kama hakukirimiwa vyema. Na siku moja Epicurus alimwandikia rafiki yake ampelekee kichungu cha jibini, ili akitaka kufanya karamu aweze. Huyo ndiye mla bata wetu: jibini, siku ya sikukuu.

Lakini kuridhika kwake hakukuwa kwa mtu kujifungia ndani na uji wake, na hapa ndipo naona alituzidi wengi wetu. Alisema kabla hujatazama utakula nini, tazama utakula na nani, kwa sababu kula bila rafiki ni maisha ya simba na mbwamwitu. Sisi tuliolelewa kwenye sinia moja tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma, na sasa kila mtu anakula na simu yake. Alisema kati ya vyote ambavyo hekima hutupatia ili maisha yawe ya furaha, kikubwa kupita vyote ni urafiki. Kama miaka 12 baada ya yeye kuhamia Athens, mji ulizingirwa na Demetrius mwingine, jemadari huyu, aliyepewa jina la Mvunja Ngome. Njaa ikawa kali. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa zama za baadaye, anasimulia kwamba baba na mwanawe walikuwa wamekaa chumbani wamekata tamaa, panya mfu akaanguka kutoka darini, wakaruka wote wawili wakamgombania. Katika njaa hiyo, anasema, Epicurus aliwahifadhi hai watu wake kwa kuwagawia maharage kwa kuhesabu.

Hebu tulitazame tendo hilo. Ni mzee wa makamo, mwandishi wa mamia ya vitabu, amekaa na gunia linaloelekea kuisha, anahesabu: hizi za kwako, hizi za Mys, hizi za watoto, na zake mwenyewe kwenye hesabu hiyohiyo. Mafungu yake matatu ya haja yalipimwa hapo. Aliyezoea uji na maji alikuwa na hatua chache za kushuka. Aliyezoea mina moja kwa siku sijui alifanyaje.

Kuna jambo lake moja ambalo bodi haitalipenda. Walikuwepo Wagiriki, wafuasi wa Pythagoras, waliochanganya mali zao zote pamoja. Epicurus alikataa. Alisema kuweka mali kwenye mfuko mmoja ni dalili ya kutoaminiana, na watu wasioaminiana si marafiki. Wadhamini, mnasikia? Hata hivyo shule yake iliendeshwa kwa michango ya marafiki, kwa hiyo tusimwogope sana. Na ana neno jingine linalotufaa zaidi: kinachotusaidia si msaada wa marafiki kama vile uhakika kwamba msaada huo upo. Mwanachama mwenye akiba hapa na wenzake wa kumdhamini analala vizuri hata mwaka ambao hakukopa chochote. Usingizi huo hauandikwi kwenye mizania, lakini ndio faida ya kwanza ya chama hiki, na mkaguzi wetu nadhani atakubaliana nami.

Siwezi kuwaletea mtu huyu kana kwamba nakubaliana naye kote. Alisema miungu ipo lakini haijishughulishi nasi kabisa, haiadhibu wala haijibu dua. Mimi ni mtu wa dini, na wengi humu ndivyo, kwa hiyo hapo tunaagana naye kwa heshima. Tena alishauri mtu aishi bila kujulikana, aepuke siasa na mambo ya hadhara. Ushauri huo haufai kwa mwalimu wa kijiji ambaye ndiye katibu wa kamati ya maji, katibu wa msiba na msimamizi wa uchaguzi.

Kuhusu kifo, hoja yake ni maarufu: tukiwepo, kifo hakipo, kifo kikifika, sisi hatupo, basi hakituhusu. Nimeigeuzageuza hoja hii kwa miaka. Naona inamtosha mtu anayeogopa kifo chake mwenyewe. Haimtoshi mama anayezika mwanawe, maana yeye yupo, na kifo kipo, na viko chumba kimoja. Cha ajabu ni kwamba Epicurus mwenyewe hakuishi kama mtu aliyemalizana na jambo hilo kwa hoja tu. Metrodorus, yule wa senti nzima, alitangulia kufa akaacha watoto. Mwaka 270 Epicurus naye, akiwa na miaka 72, aliugua mawe yaliyomzuia mkojo, na siku yake ya mwisho akamwandikia rafiki yake Idomeneus. Akamwambia maumivu yamefika pasipoweza kuongezeka, lakini mbele yake ameiweka furaha ya kuyakumbuka mazungumzo yao. Kisha akamwomba jambo moja: awatunze watoto wa Metrodorus. Wosia wake unarudia hilohilo, mpaka mahari ya kumwozesha binti yule kwa desturi ya Kigiriki. Kwa mtu aliyesema kifo hakituhusu, alikuwa amejishughulisha sana na watakaobaki.

Mtaniuliza haya yanajifunzwaje. Yeye alitaka yakaririwe. Aliandika vitabu virefu, kisha akavifupisha kwa barua, kisha akavifupisha tena kwa semi fupi za kuwekwa moyoni, kwa sababu alijua dukani au kwenye foleni ya benki hakuna anayefungua kitabu. Barua zilizobaki ni tatu. Ile kwa Menoeceus ndiyo ya kuanza nayo, ni ya kurasa chache tu. Inaanza kwa kusema kijana asikawie kujifunza falsafa na mzee asichoke nayo, kwa kuwa hakuna aliye mdogo mno au mkubwa mno kwa afya ya nafsi yake. Inamaliza kwa kumtaka ayazingatie mambo haya mchana na usiku, peke yake na pamoja na mwenzake anayefanana naye. Yule mwenzake wengi humsahau. Karne nyingi baadaye, katika mji wa Oinoanda huko kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo, mzee mmoja tajiri aitwaye Diogenes aliyachonga mafundisho haya kwenye ukuta wa mawe wenye urefu wa mita 80 hivi, ili wapita njia na wageni wayasome bure. Alisema jua la maisha yake linatua na hataki kuondoka kabla hajawasaidia. Wachimbaji wa mambo ya kale waliyakuta mawe yake mwaka 1884, na bado wanaokota vipande.

Sisi ukuta hatuna. Barua ya Menoeceus nimeitia kwa Kiswahili mwenyewe, kwa mkono, na mwalimu wa kompyuta wa shule yetu amenisaidia kuichapa. Nakala ziko pale mezani kwa mweka hazina, karibu na fomu za mikopo. Walio tayari kuisoma pamoja tukutane baada ya chakula chini ya mwembe, mje na chai zenu. Mwenyekiti, ajenda namba nne ni yako. Asanteni sana.